Pindo la Kanzu ya Abdulhamid

Zamani za Wajerumani, pale Rumonge, Batuli alikamua mawese na kuyauza. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Abdulhamid. Sasa kijana amepata nafasi ya shule huko pwani, Dar es Salaam. Mbali ajabu! Mtumbwi hadi Ujiji, miguu hadi Tabora, kisha gari moshi.

Batuli hakuwa na raha. Rupia za mawese ndizo zitakazomlisha mwanawe ugenini. Zikipotea, masomo basi. Akakaa barazani, akazishona ndani ya pindo la kanzu mpya aliyomshonea mwanawe, huku akisoma dua. Wasafiri wa Rumonge walizoea kufanya hivyo.

Akapita jirani yake Amissi, aliyewahi kuwa karani pwani.

"Amahoro, Mama Abdulhamid. Mbona kanzu nzito hivyo?"

"Nyamaza we! Kuta zina masikio."

"Njiani sawa, ataivaa. Akifika je? Kanzu inafuliwa, inaanikwa. Atailinda au atasoma?"

"Basi ampe mtu wa kwetu, amuwekee amana."

"Mtu wa kwetu akihama? Huko iko benki, mama. Afungue hesabu kwa jina lake."

Batuli akashtuka. "Na riba? Unataka mwanangu ale haramu?"

"Aseme mapema hataki faida. Mimi nilisema hivyo, wakakubali."

Amissi akaketi. "Lakini asichukue hesabu yoyote tu. Iko ya kufunga: huigusi mpaka muda uishe. Watamsifia hiyo. Asikubali. Mwanafunzi anakula, anaugua. Achague ile ya kutoa wakati wowote. Kisha aulize: mnakata nini? Kitabu chenu cha hesabu kikipotea, nitafanyaje? Nikifa, mtampa nani?"

"Usimtajie kifo mutoto wangu!" Batuli akaanza kulia.

"Simtajii kifo. Namwambia aandikishe jina lako."

Abdulhamid alikuwa akisikiliza mlangoni. "Nikifika tu, mama, nitalifumua pindo. Na maswali yote nitayauliza."

Akaenda. Miezi ikapita kimya. Siku moja Swedi, mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akarudi kutoka Ujiji na habari mbaya.

"Nyumba ya wanafunzi kule Dar es Salaam imeungua. Paa lilikuwa la makuti, moto haukubakiza kitu."

"Na watoto?"

"Sikupata habari zao, mama."

Wiki nzima Batuli hakukamua mawese. Mitumbwi ilipofika, alikwenda ufukweni, kisha akaogopa kutazama nani anashuka.

"Mama!"

Ni Abdulhamid, mzima, kavaa shati jipya. Batuli akamshika uso, mabega, mikono, kama anayemkagua mtoto mchanga.

"Shule imetupa ruhusa mpaka nyumba ijengwe," akasema kijana. "Wenzangu wenye hesabu za kufunga wamekwama kule, hawana nauli. Mimi nilikwenda benki siku ile ile ya moto. Kitabu kiliungua, lakini nilishauliza: walilinganisha sahihi yangu, wakanipa fedha. Na zimebaki za kunirudisha shuleni."

"Murakoze, Amissi!" Batuli akapiga kelele za shukrani, ingawa Amissi hakuwapo.

Abdulhamid akainamisha kichwa. "Ila kanzu yako, mama, imeungua."

"Na iungue! Hiyo niliishona. Wewe nilikuzaa."