Kitenzi Kilichomsumbua Chepchirchir

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Chepchirchir alibeba mkebe wa maziwa hadi kituo cha kukusanyia maziwa, kando ya barabara ya Litein. Njia ilipita katikati ya mashamba ya chai, na umande ulimlowesha soksi kabla hajafika mtoni. Siku nyingine aliimba akitembea. Leo alikuwa amenuna.

Jana Mwalimu Wamuyu alirudisha insha za Kiingereza. Chepchirchir alikuwa ameandika, "I tempted to milk our cow," akikusudia kusema kwamba alijaribu kumkama ng'ombe wao. Sentensi hiyo iliposomwa, Gredi ya Saba nzima ilicheka.

"Ungeandika attempted," Mwalimu alimwambia. "Tempt ni kitu kingine."

"Lakini Mwalimu, kanisani tunaomba tusitiwe majaribuni, na kwa Kiingereza wanasema temptation. Si kujaribu ni kujaribu tu?"

Wenzake walicheka tena. Mwalimu hakucheka. "Swali lako ni zuri. Kesho utuletee sentensi yako mwenyewe yenye tempt. Usiinakili popote."

Kamusi ilisema maana yake ni kumfanya mtu atamani kutenda jambo lisilofaa. Chepchirchir aliyasoma maneno hayo mpaka akachoka. Kila sentensi aliyoitunga aliifuta, na hata sasa, mkebe mkononi, hakuwa na kitu cha kumpelekea Mwalimu.

"Kiingereza hiki!" alisema kwa hasira, akapiga teke bonge la udongo. Mguu wa pili ukateleza. Akaanguka chali, mfuniko ukafunguka, maziwa yakamwagika matopeni.

Alipousimamisha mkebe, sehemu kubwa ilikuwa imekwenda. Machozi yakamlengalenga. Ni mara ngapi Mama amemwonya asitembee ovyo na maziwa?

Nicholas, mwanafunzi mwenzake, alikuwa akija nyuma na mkebe wa kwao. Alimsaidia kuinuka. "Si mto ni huu hapa?" alisema. "Ongeza maji kidogo tu. Nani atajua?"

"Wewe nyamaza!"

Nicholas aliinua mabega akaenda zake, lakini maneno yake yalibaki. Chepchirchir alitazama maji, akatazama mkebe. Akilini alimwona Mama akifoka. Basi akainama, akachota kwa mfuniko, akamimina. Akachota tena. Mkebe ukajaa, na kwa mara ya kwanza tangu jana akapumua vizuri.

Kituoni alipanga foleni nyuma ya Kogo Elmina, bibi jirani aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu.

"Chamgei, mtoto wangu," Kogo alimsalimu, akimgusa bega.

Chepchirchir aliitikia kwa sauti ndogo. Maziwa ya Kogo yalipimwa, yakamiminwa kwenye mtungi mkubwa pamoja na ya majirani wengine. Ndipo alipoelewa kwamba yake pia yangeingia humo humo. Maji ya mtoni, wanakokunywa ng'ombe, yangeharibu maziwa ya watu wote.

"Leta," alisema Bogonko, karani wa kituo, akinyoosha mkono.

"Usiyachukue," Chepchirchir alisema. "Yana maji ya mtoni. Nilianguka yakamwagika, nikaongeza."

Mtu mmoja kwenye foleni akafyonya.

"Rudi nayo nyumbani," Bogonko alisema bila kutabasamu. "Na mama yako aje mwenyewe."

Mama alifoka kweli. "Yangemwagika tu, ningekasirika leo, kesho nisahau. Lakini maji? Unataka tufukuzwe pale?" Alimpa ndama maziwa yale, akajifunga leso, wakarudi kituoni pamoja. Mama alipokwisha kuomba radhi, Bogonko alitikisa kichwa polepole.

"Kwa sababu alisema kabla sijayamimina, nitaendelea kuyapokea maziwa yenu," alisema. "Ila nitayapima kwa makini zaidi."

Chepchirchir alifika shuleni amechelewa, sketi ina matope. Mwalimu Wamuyu alimsikiliza akiomba radhi kwa kuchelewa, kisha akamuuliza sentensi iko wapi. Chepchirchir alisimama mbele ya darasa.

"This morning I was tempted to put water in our milk."

Hakuna aliyecheka. Nicholas alitazama dawati lake.

"Kwani uliweka?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mmeona?" alisema Mwalimu. "Anauliza kwa sababu kitenzi hicho hakimjibu. Ukisema I attempted, umeanza kufanya jambo. Ukisema I was tempted, moyo wako umevutwa tu. Mimi mwenyewe leo alfajiri nilivutwa kurudi kulala, na bado niko hapa. Kila mtu huvutwa. Anachofanya baadaye ni sentensi nyingine. Haya Chepchirchir, endelea."

"I put the water in," Chepchirchir alisema. "Then I told them." Kisha akaeleza yote kwa Kiswahili: kuanguka, mto, foleni na mtungi.

"Sentensi zako zote ni sahihi," Mwalimu Wamuyu alisema. "Ile ya mwisho, ya kuwaambia watu, ndiyo ngumu kuliko zote, na ugumu wake hauko kwenye Kiingereza. Watoto, ukivutwa, jizuie. Ukishindwa ukakosea, usingoje kugunduliwa. Sema mapema, kabla kosa lako halijaingia kwenye mtungi wa wenzako."