Chuma Ndani ya Jicho la Kombo

Kimetoka! Dada Mwanjaa, kimetoka, na mwenyewe hata hakuguna! Kipande cha chuma, kidogo kuliko chembe ya sukari, kimetolewa ndani ya jicho la ndugu yetu Kombo!

Ngoja nianze vizuri, maana huko Mwezini ujumbe unafika umekatika-katika. Leo sisi wa chuoni tumepeleka mashine yetu mpya pale karakana ya roboti anapofanya kazi Kombo. Inaitwa kinusachuma: kijidude cha ukubwa wa nyuki, kinaruka mbele ya mtu na kunusa chuma kilichojificha mwilini. Tukaomba mtu wa kujaribia. Kombo huyoo, na mbwembwe zake: "Nuseni tu, mimi nimeoga."

Kikafika kwenye jicho la kulia, kikapiga kelele. Tukakizima, tukakiwasha. Kelele vilevile.

"Kinanisingizia hiki," Kombo akasema. "Labda ile siku mwaka jana, nagonga goti la roboti, kuna kitu kiliniparua jichoni. Nikanawa, basi. Bangili ya afya ikasema mzima."

Bangili yenyewe imefundishwa kusikiliza maumivu, dada! Kidonda kilijifunga, maumivu yakaisha, ikanyamaza. Chuma kikabaki ndani kinashika kutu polepole, na kutu hiyo ndiyo inayoua jicho. Na sote tulikuwa tunaiona! Jicho likageuka rangi, mboni ikapanuka, mchumba wake Saumu akawa anatamba kapata mwanamume mwenye jicho la kurembua. Halafu kila jioni Kombo akiinamia darubini kwa jicho hilohilo kutafuta taa za kituo chako, haoni, anagomba: "Dada kasahau kuwasha." Wewe ukamnunia mwezi mzima! Kumbe jicho ndilo lilikuwa linazimika.

Tukamkimbiza kwa daktari wa macho, Mwinyikai, naye akampa ganzi, akaingiza sumaku-uzi, waya mwembamba kuliko unywele, ikakivuta kile chuma. Anasema kingekaa miezi michache zaidi, tungelikosa jicho. Sasa limepona kufa, ila kuona gizani huenda kusirudi kote.

Saumu kaegemea ukuta analia: "Na mimi nilikuwa nalisifu!"

Kombo, bandeji usoni: "Likirudi la kawaida, bado utanitaka?"

"Nitafikiria."

Bandeji inafunguliwa kesho jioni. Kombo kashaniagiza nimwekee darubini dirishani. Basi dada yangu, kesho washa taa zote, hata za stoo, nami nitakwambia kaona ngapi.