Umetimiza Kumi na Nane, Ondoka

Asubuhi kule Chamazi, Masoud hufungua duka lake la vyombo mapema. Hutundika sufuria na ndoo mbele ya mlango, hupanga mabeseni chini, kisha hungoja wateja. Mkewe, Wahiba, hufagia uwanja na kuchemsha chai ya tangawizi. Nyuma ya duka ndiyo nyumba yao, na ubavuni kuna vyumba vya kupangisha.

Siku moja walipata mpangaji mpya. Aliitwa Marietha. Alikuwa ametimiza miaka kumi na nane. Aliletwa na gari la makao ya watoto kutoka Bunju. Huko ndiko alikolelewa tangu wazazi wake walipofariki. Dereva alishusha godoro, begi na jiko la mkaa. Hakuzima hata injini.

"Haya, kila la heri," alisema, akaondoka.

Kodi ya miezi mitatu ilikuwa imelipwa na makao. Marietha alibaki uwanjani, begi mkononi, akitazama mlango wa chumba kama mtu anayengoja kuruhusiwa kuingia.

Haikupita wiki, Masoud akaanza kulalamika.

"Wahiba, hebu njoo uone! Huyu binti kamwaga maharage tena. Sufuria nzima!"

"Labda yameungua."

"Yameungua wapi? Yamechacha! Juzi kamwaga wali. Mtu mmoja anapika chakula cha msiba! Na bomba analiacha wazi, maji yanamwagika tu. Hajafundwa huyu. Kodi yake ikiisha, aondoke."

Wahiba naye alichukia. Chakula kinamwagwa nyumbani kwake? Alikwenda kugonga mlango wa Marietha, maneno makali yakiwa tayari mdomoni.

"Hodi!"

Hakuna aliyejibu. Akasukuma mlango. Marietha alikuwa amelala kwenye godoro, amejikunyata, anatetemeka. Midomo ilikuwa imekauka.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Homa. Tangu juzi."

"Tangu juzi! Mbona hujaenda zahanati? Si ile pale, ukitoka barabarani tu unaiona?"

"Nilikuwa nasubiri mtu aje aseme twende."

Wahiba alidhani hakusikia vizuri. "Mtu gani, mwanangu?"

"Kule makaoni matroni ndiye alikuwa anatupeleka. Mie sijawahi kwenda peke yangu. Sijui mtu akifika anaanzia wapi, anasema nini."

Maneno makali yakamwisha Wahiba. Alimfunika khanga, akaita bajaji, wakaenda zahanati. Marietha alipimwa, akakutwa na malaria. Alipewa dawa. Muuguzi alisema, "Mngechelewa kidogo tu, tungekuwa tunaongea mengine."

Siku zilizofuata Wahiba alimpelekea uji. Marietha alipopata nguvu, Wahiba alimuuliza taratibu kuhusu maharage.

"Mama, naona aibu," alisema Marietha. "Kule tulikuwa wengi. Nikiwa zamu ya jikoni, tulikuwa tunapika sufuria kubwa. Sijui kupima chakula cha mtu mmoja. Na sokoni sijawahi kwenda. Vitu vilikuwa vinaletwa na gari."

"Na hakuna aliyekufundisha kabla ya kukutoa?"

"Walinifanyia sherehe. Nikakata keki, nikapigwa picha na wageni. Kesho yake nikaambiwa nifunge begi."

"Huna ndugu?"

Hapo Marietha akaanza kulia. "Nina mdogo wangu, Auleria. Ana miaka kumi na miwili. Yuko kulekule. Nikipiga simu niongee naye, wananikatalia. Meneja anasema mie nimeshatoka, nisiwavuruge watoto."

Wahiba alisimama. Alishindwa kuketi tena. "Nani? Meneja kasema hivyo? Mtu na mdogo wake?"

Alikwenda moja kwa moja dukani, akamsimulia mumewe. Masoud aliweka chini beseni alilokuwa akilifuta.

"Na mimi nikasema hajafundwa," alisema. "Kumbe kweli hajafundwa. Ila kosa si lake."

"Mwanetu Azzam ana miaka ishirini na nne," alisema Wahiba. "Ana kazi, ana mke. Juzi kanipigia simu kuniuliza samaki wa kupaka anatiwa nazi lini! Huyu binti amuulize nani? Masoud, mie sinyamazi."

Kesho yake Wahiba na Marietha walikwenda kwa Felicitas, afisa ustawi wa jamii wa kata. Felicitas aliwasikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika.

"Marietha, una cheti cha kuzaliwa?" aliuliza.

"Sijui. Sijawahi kukiona."

"Kitambulisho cha taifa?"

"Sina. Hata laini hii ya simu kaisajili matroni kwa jina lake."

Felicitas alipumua kwa nguvu. "Wamekutoa bila chochote. Mama, sikiliza. Watu wanadhani kijana akifika miaka kumi na nane, basi kazi imekwisha. Kumpa mtu godoro na kodi si kumwandaa. Maandalizi yanaanza mapema, miaka miwili mitatu kabla. Kijana ajifunze kupika, kununua, kutunza pesa, kwenda hospitali mwenyewe. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe angali makaoni. Ndugu zake watafutwe. Apatikane mtu mzima mmoja wa kumtegemea, atakayempigia simu akikwama. Na akishatoka, afuatiliwe. Atembelewe. Aulizwe anaishije."

"Na mdogo wangu?" aliuliza Marietha.

"Mdogo wako ni mdogo wako. Hakuna umri unaofuta undugu. Kesho tunakwenda Bunju."

Walivuka jiji zima kutoka kusini mpaka kaskazini. Makao yalikuwa safi, yamepakwa rangi mpya. Ukutani mwa ofisi zilijaa picha za watoto wakicheka. Meneja, Bwana Isack, aliwakaribisha kwa tabasamu. Tabasamu lilipungua Felicitas alipojitambulisha.

"Marietha tumemlea vizuri," alisema. "Tumemlipia na kodi. Sasa ni mtu mzima. Wafadhili wetu wanatoa pesa za watoto. Akishavuka kumi na nane, hayumo kwenye bajeti."

"Hayumo kwenye bajeti!" Wahiba alipaza sauti. "Kwani ni ndoo hiyo? Mie nauza ndoo, bwana. Ndoo ikitoka dukani, simfuati mteja. Huyu ni mtu!"

"Mama, punguza hasira."

"Sipunguzi! Binti alikuwa anakufa kwa malaria, zahanati iko mlangoni. Anasubiri kuambiwa twende. Mmemlea miaka yote hiyo asifumbue mdomo mpaka aambiwe, halafu siku moja mnamwambia jitegemee!"

Felicitas aliuliza kwa utulivu, "Bwana Isack, vijana waliotoka hapa mwaka jana wako wapi?"

"Wapo. Mjini."

"Mjini wapi? Projestus, kwa mfano. Niliwahi kumwona hapa nilipokuja kukagua na wenzangu. Yuko wapi?"

Meneja alitazama meza. "Sina taarifa zake."

Kisha Marietha akanyanyua kichwa.

"Baba Isack, nashukuru nilikula na nilisoma. Sisahau. Lakini mlinifundisha kuwaimbia wageni. Hamkunifundisha kununua kilo ya unga. Mlinipiga picha nikikata keki, hamkunipa cheti cha kuzaliwa. Na mdogo wangu mnaninyima kwa kosa gani? Kwa kukua?"

Bwana Isack alianza kupanga upya makaratasi mezani.

"Mwiteni Auleria," alisema Felicitas.

Msichana alikuja akikimbia. Alipomwona dada yake, alisimama ghafla mlangoni.

"Waliniambia umetusahau," alisema.

Marietha alimvuta, akamkumbatia. Wahiba aligeukia dirishani ili asionekane akilia. Kwa hasira au kwa huruma, hata mwenyewe hakujua.

Felicitas hakuondoka na ahadi za mdomo. Pamoja na afisa ustawi wa jamii wa Bunju alitoa maagizo, na kila mwezi walirudi kukagua. Makao yalianza kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wasio navyo. Vijana waliokaribia kutoka walipewa vyumba vya pembeni. Wakawa wanapewa pesa ya wiki, wananunua na kupika wenyewe. Wengine waliishiwa pesa kabla ya wiki kwisha, wakala uji bila sukari. Wiki iliyofuata walipanga vizuri zaidi. Afadhali kukosea makaoni, kuliko kukosea peke yako kwenye chumba cha kupanga. Kila kijana alitafutiwa mtu mzima wa kumsimamia. Na kila ndugu aliruhusiwa kumtembelea ndugu yake.

Bwana Isack alibadilika polepole. Mwanzoni alifanya kwa kuogopa ukaguzi. Baadaye alikwenda mwenyewe kuwatafuta vijana waliotoka. Projestus alipatikana Mabibo, akibeba magunia sokoni na kulala kwenye baraza la duka. Alisaidiwa kupata chumba na nafasi katika chuo cha ufundi. Wengine hawajapatikana mpaka leo. Wahiba akikumbuka hilo, hasira humrudia. Kila akimwona Felicitas, humuuliza, "Wale wengine je?"

Marietha alipata cheti cha kuzaliwa, kisha kitambulisho. Alisajili laini kwa jina lake mwenyewe. Cherehani alikuwa ameijua tangu makaoni, kwa hiyo Wahiba alimpeleka kwa Filomena, fundi nguo wa mtaa ule. Masoud ndiye aliyemfundisha kuulizia bei. "Ukiambiwa bei, usikubali papo hapo," alimwambia. "Cheka kwanza." Miezi mitatu ilipokwisha, kodi aliilipa Marietha mwenyewe.

Shule zilipofungwa, Auleria alikuja kukaa Chamazi kwa dada yake. Jioni moja walikaa nje ya chumba. Marietha alikuwa anakunja upindo wa sare ya shule. Auleria alikuwa akichora mchangani kwa kijiti, akifuta, akichora tena.

"Unawaza nini?" aliuliza Marietha.

"Dada, mie nikifika kumi na nane itakuwaje?"

Marietha aliacha sindano, akamtazama.

"Utakuwa na miaka kumi na nane," alisema. "Basi. Mie nitakuwepo. Mama Wahiba atakuwepo, na mdomo wake. Sogea, nishikie kitambaa hiki kisiburuzike chini."