Fomu Nne za Dirisha la Tano

Halmashauri ile ilikuwa na madirisha saba, na katika yote hayo mtu pekee aliyeonekana kufanya kazi alikuwa mfagizi. Jumanne moja asubuhi, ukumbi umefurika watu na karatasi zao, fundi cherehani alijipenyeza hadi dirisha la tano. Gauni lake la bluu alikuwa amelifunga fundo pembeni lisinaswe na mnyororo wa baiskeli, na kofia yake ngumu ilikuwa kwapani.

"Nimetumwa na chama cha waendesha baiskeli," alisema. "Mtaro wa kona ya soko la nguo hauna mfuniko. Mnasubiri tuvunjike shingo ndio mje?"

Karani aliinua macho. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka limenyooka. "Mtu mzuri hivi, asubuhi yote hii, anaongelea kuvunjika shingo?"

"Nimekuja kuripoti shimo, sijaja kusifiwa."

"Jaza fomu basi. Shimo tutaliangalia. Wewe nimeshakuangalia."

Fundi alimdharau papo hapo. Mwanaume mzima, kazi yake kugonga mihuri, halafu ana mdomo! Lakini alipopanda baiskeli nje alijikuta anatabasamu peke yake, akajikasirikia njia nzima.

Jumanne ya pili alirudi kuuliza. "Bado, mrembo," karani alisema. "Idara ya barabara ni wazito. Jaza nyingine tuwakumbushe." Ya tatu, hivyo hivyo. Ya nne alijaza fomu na kumwachia namba ya simu, na jioni ile ile simu ikaita.

"Umefika salama, malkia wa pedali?"

"Nimefika, licha ya halmashauri yenu."

"Usinichanganye na wale. Mimi ni wako."

"Wangu kwa kibali cha nani?"

"Nijazie fomu, nitakigonga muhuri mwenyewe."

Akacheka mpaka sindano ikamchoma kidole. Basi mapenzi yakashika. Miezi mitatu karani alikuwa akimsubiri mlangoni pa duka lake la kushonea, anamshikia baiskeli, anambebea nguo za wateja. Fundi aliendelea kuitukana halmashauri, akimtoa yeye tu. Hata karani alipomwomba amuoe, alijibu, "Nipe wiki moja nimwambie mama," huku jibu analo tayari mdomoni.

Wiki haikuisha. Mdogo wake wa kike, aliyekuwa akimpelekea wateja nguo, aliingia kwenye ule mtaro, baiskeli na yeye. Mtulinga, ule mfupa wa bega, ulivunjika. Fundi alimwacha hospitali amefungwa bega, akapanda ngazi za halmashauri moja kwa moja mpaka idara ya barabara.

Mhandisi, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, alifungua daftari la mapokezi, akapitisha kidole kurasa zote. "Dada yangu, kona ya soko la nguo? Hapa haijafika karatasi hata moja."

"Nimejaza nne!"

"Basi ziulizie dirishani."

Aliposhuka dirisha la tano, karani alikuwa ametoka kwenda kunywa chai. Mwenzake wa dirisha la nne akavuta droo ya karani ili amsaidie fundi, na fomu zote nne zilikuwa humo, zimepangwa vizuri, na mwandiko wa fundi juu. Hazikuwa na hata muhuri.

Karani akatokea na kikombe mkononi. Alipoziona, uso ukamshuka.

"Ningezipeleka wangeziba wiki ile ile," alisema kwa sauti ya chini. "Ungekuwa na sababu gani ya kurudi dirishani kwangu? Halafu tukapendana, nikaona aibu kukwambia. Nilifanya kwa mapenzi."

"Mapenzi!" Ukumbi mzima ukageuka. "Mdogo wangu amevunjika mfupa ili wewe uone sura yangu Jumanne? Namba yangu ungeiomba siku ya kwanza ungekufa? Kaa chini. Chukua fomu. Andika."

"Niandike nini?"

"Ulichofanya. Na jina lako lote."

Aliandika. Hakuficha kitu: fomu nne, miezi mitatu, msichana mmoja hospitalini. Kisha akainuka na kuipeleka juu yeye mwenyewe, pamoja na zile nne. Fundi alimtazama akipanda ngazi, na moyo, kwa upumbavu wake, ukamhurumia.

Kesho yake mchana simu iliita.

"Wamenisimamisha kazi," karani alisema. "Na mfuniko umewekwa leo asubuhi. Nilikwenda kuona. Umewachukua nusu saa."

"Nusu saa," fundi alirudia.

"Nisamehe, mpenzi. Nitakwenda kumwangukia mdogo wako miguuni. Bado nakutaka uwe mke wangu."

Fundi aliweka sindano chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuona haja ya kuyaficha.

"Kumwangukia, nenda, aibu hiyo unaistahili. Na mimi nakupenda, sitakudanganya, sijui hata nitalalaje. Lakini nikiwa mke wako, siku nikiumwa nikakutuma dawa, nitalala kitandani najiuliza kama umeificha mfukoni ili niendelee kukuhitaji."

"Siwezi kukufanyia hivyo!"

"Umeshanifanyia," alisema, na akakata simu.