Hodi ya Nne

Tabora ilipokuwa bado imejifunika ukungu wa asubuhi, paa la Mahakama lilifunguka taratibu na wabisha, mashine za kubisha hodi, wakatoka. Walitoka kwa mamia, kama kumbikumbi baada ya mvua, kila mmoja duara bapa la ukubwa wa ungo, na mbawa zao zilisikika kidogo tu, kama mtu anayekunja shuka chumba cha pili. Chini ya kila mbisha palikuwa na mfuko mwembamba, na ndani ya mfuko wito wa mtu fulani: njoo ujibu madai, njoo utoe ushahidi, njoo utueleze ile mipaka ya kiwanja.

Mwamvua Lusangija aliwatazama kutoka dirisha la ofisi yake mpaka wakayeyukia kwenye weupe wa ukungu. Yeye ndiye msimamizi wao. Zamani cheo hicho kilikuwa cha kusimamia watu, wasambaza nyaraka wa Mahakama, na Mwamvua mwenyewe alianzia huko. Alishafukuzwa na mbwa, alishamwagiwa maji ya vyombo, na alishawakuta wenzake baa wakiandika kiapo kwamba wito wameufikisha, kumbe wameukalia. Loo, kesi zilivyokuwa zinaoza makabatini!

Ndipo alipobuni mbisha. Waheshimiwa majaji walitaka ushahidi usiohongeka kwamba mtu amepata wito wake, na Mwamvua akawapa neno moja tu: karibu. Mbisha angeshuka mlangoni, angesubiri vumbi litulie, angekohoa kidogo kama mgeni mwenye adabu, kisha angeita hodi. Mwenye nyumba akiitika karibu, wito umepokelewa, na msimamizi anathibitisha. Asipoitika, mbisha anaita tena, na tena. Hodi tatu kwa ziara moja, basi, kama walivyofunzwa watoto wote wa mji ule. Hodi ya nne mashine ilikatazwa kabisa. Mwamvua aliifunga kwa mkono wake ili Mahakama isije ikaonekana haina malezi.

Ilihitajika sauti, na kwa sauti hakuhangaika. Mama yake, Bi. Kalunde, alikuwa na hodi inayojulikana mji mzima, ndefu, yenye kicheko ndani yake. Alikuwa hajaimaliza, watu wameshaitika karibu na kusogeza kigoda.

"Chukua, mwanangu," Bi. Kalunde alisema siku ile, akaita hodi mbele ya kinasa sauti mpaka akachoka. "Miguu imezeeka. Angalau sauti itembee."

Alipochezewa sauti yake, alicheka hadi kanga ikamteleza. "Huyo siyo mimi bwana! Huyo anaongelea puani." Ndivyo tulivyo, hakuna anayeijua sauti yake ikitoka nje. Tangu hapo kila mbisha akipita, Bi. Kalunde alimwita "yule mwenye mafua", na wala hakujali.

Miaka ikasogea. Kesi zilienda mbio kama treni-sumaku, na Mwamvua akapewa ngao ya shaba. Majina ya watu waliobaki kimya yalikuwa yakiongezeka kwenye kioo chake cha kazi, lakini alidhani ni wadaiwa wenye vichwa vigumu.

Mchana ule alirudi nyumbani kula, akamkuta mama yake ameketi kizingitini na kapu pajani. Ndani ya kapu kulikuwa na chupa ya uji wa ulezi, haijafunguliwa.

"Shikamoo, mama. Hukwenda kwa Bi. Nyanzala?"

"Marahaba. Nimekwenda." Bi. Kalunde alikuwa akiangalia vidole vyake. "Hakuitika."

"Labda alilala."

"Nimemsikia akikohoa, Mwamvua. Yuko macho, yuko ndani, na hakuitika. Jana pia. Na juma lililopita." Alilizungusha kapu pajani. "Nimemkosea nini Nyanzala? Tumechezwa unyago pamoja. Nimemzalisha watoto wake wawili kwa mikono hii. Daktari kasema moyo wake umechoka, hana siku nyingi. Ndiyo aondoke hivi, amenifungia mlango?"

"Uliita ngapi?"

"Tatu. Ningeita ya nne ningekuwa nani, polisi?"

Kisha, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto ambayo bado imemshika, Bi. Kalunde akayatoa yote. Hakuwa Nyanzala peke yake. Alikuwa akitembea mitaa ya zamani, chini ya maturubai yanayokunywa jua na kutoa umeme, na kila alipofika akaita, nyumba ilinyamaza. Redio ilizimwa. Watoto walizibwa midomo. Aliona mapazia yakitulia. "Nikafika mahali nikajiuliza, hivi mimi bado nipo? Au nilishakufa, na nyinyi mnanionea haya kuniambia?"

Hapo Mwamvua akaelewa. Akaketi chini, kwenye sakafu, na gauni lake la ofisi.

"Mama," alisema, "wanadhani wewe ni mashine."

Ilimbidi aeleze mara mbili. Bi. Kalunde hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alisema tu, "Yule mwenye mafua?" Kisha akasimama, akajifunga kanga upya. "Twende. Uji unapoa."

Nyumba ya Bi. Nyanzala ilikuwa mwisho wa mtaa, kuta zake zimepakwa rangi ya samawati iliyofifia mpaka ikafanana na anga. Mpwa wake alikuwa amemshtaki akikidai kiwanja, Mwamvua alilijua hilo kutoka kazini. Wito usipopokelewa kesi haisogei, na ajuza yule, maskini, alikuwa amejifungia ndani akiomba afie kwenye nyumba yake kabla hajafikiwa.

Bi. Kalunde alikohoa kidogo. "Hodiii."

Kimya. Ukuta ule wa samawati ulikuwa ukitetemeka kwa joto.

"Hodi wenyewe."

Ndani kijiko kiligonga kikombe, kisha kikazuiwa.

"Hodi hapa jamani." Ya tatu ilitoka nyembamba. Bi. Kalunde akaokota kapu lake na kugeuka.

"Ita tena," Mwamvua alimnong'oneza.

"Astaghfirullah! Ya nne? Nyumba ya mtu?"

"Mbisha hawezi kuita ya nne, mama. Nimemfunga mwenyewe. Na Bi. Nyanzala amezihesabu hodi zao siku zote hizi, anajua wanakomea wapi. Ita."

Bi. Kalunde alisimama katikati ya njia. Katika umri wake wote hakuwahi kufanya utovu ule wa adabu. Aliutazama mlango, kisha akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Hodi, we Nyanzala! Kama umekufa niambie nisimwage uji wangu bure!"

Ndani kitu kilianguka. Halafu kikaja kicheko, kicheko cha mtu mgonjwa, kimechanganyika na kilio. "Kalunde? Ni wewe kweli? Ee Mola wangu. Karibu! Karibu, shoga yangu, karibu!"

Mlango ukafunguka. Wale wawili wakashikana pale pale kizingitini, kapu likiwa katikati yao, wakitukanana kwa mapenzi na kulia.

Na hapo juu ya mchirizi wa paa, taa ya kijani ikawaka. Mbisha alikuwa amejibanza pale tangu asubuhi akingoja muda wa ziara yake ijayo. Masikio yake yalikuwa yamesikia hodi kwa sauti yake mwenyewe, na baada ya hodi yamesikia karibu. Aliinua mbawa, akashuka kwa upole kati ya wale marafiki, na kwa sauti ya Bi. Kalunde akasema:

"Ahsante sana. Wito umepokelewa."

Bi. Nyanzala alirudi nyuma hatua moja. Akamwangalia rafiki yake, akamwangalia mbisha, akamwangalia tena rafiki yake. "Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe umekuja nao."

"Wallahi, Nyanzala..."

"Na nimeitika mwenyewe. Kwa furaha."

Kishikwambi kilitikisika mkononi mwa Mwamvua. *Thibitisha upokeaji.* Kidole kimoja tu kilitakiwa, kama alivyofanya kila siku. Angeweza kukataa, lakini sheria ilimtaka aandike sababu, na sababu za msimamizi husomwa na mawakili wote. Akiiandika ile ya kweli, watasimama mahakamani na kuuliza: je, zile karibu nyingine? Nani alijua zilikuwa za mbisha au za mgeni wa kweli? Kazi yake ya miaka yote ingefumuka kama mkeka uliokatwa ukingo.

Aliwatazama wale wazee. Mama yake alikuwa ameinua mkono kumgusa Nyanzala, na mkono umebaki hewani.

Akaandika akisoma kwa sauti, ili wote wawili wamsikie: "Wito haujapokelewa. Aliyekaribishwa ni mama yangu."

Taa ya mbisha ikazimika. Alipaa bila neno, akapotea kwenye mng'ao wa jua.

"Wito utakuja, mama mdogo," Mwamvua alimwambia Bi. Nyanzala. "Sikudanganyi. Lakini nitauleta mimi, kwa miguu yangu na sauti yangu. Na siku ya kesi nitakupeleka, hutakwenda peke yako."

Bi. Nyanzala alisogea mbele tena. Aliushika ule mkono uliokuwa hewani, akamvuta mwenye mkono ndani. Mwamvua akabaki nje, juani. Alisikia chupa ikifunguliwa, na vikombe vikipangwa.

Akakohoa kidogo. "Hodi," alisema.

Palikuwa kimya. Hakuwalaumu. Akasubiri vumbi litulie, kisha akaita ya pili.