Adelaïde Achagua Namna ya Kupasuliwa

Kijijini Kingi, karibu na Masisi, hakuna anayemshinda Adelaïde kwa kutengeneza jibini, au fromaji kama wanavyoiita hapa. Watu hutoka hata Kalembe kuitafuta. Mume wake, Valens, analima maharagwe na mihogo. Anapenda sana kusema, hata mambo asiyoyajua.

Siku moja Adelaïde aligusa uvimbe mgumu katika titi la kushoto. Haukuuma. Kiwele cha ng'ombe kikivimba, wafugaji wa hapa hukikanda kwa siagi ya moto. Basi naye akajikanda kwa siagi, majuma matatu mazima! Uvimbe wa titi haukandwi, jamani. Unaonyeshwa kwa muuguzi haraka.

Muuguzi wa kituo cha afya, Mama Myriam, alipokuja kununua jibini alimkuta akijikanda.

"Mama Adelaïde, acha hiyo siagi! Twende kwa munganga wa hospitali."

Katika hospitali kubwa walichukua kipande kidogo cha uvimbe, wakapima. Ilikuwa kansa ya aina kali, ile inayokua mbio. Adelaïde alilia. Akaanza dawa za kansa za kutundikwa, zinazoingia mshipani. Nywele zilianguka zote, lakini uvimbe ulipungua mpaka ukawa kama punje ya haragwe. Furaha iliyoje!

Sasa ilibaki kupasuliwa. Daktari alimwambia kuna njia mbili, aende afikiri. Jumapili, baada ya kanisa, Myriam alikuja kuwatembelea.

"Bakate titi zote mbili," Valens akasema. "Muhogo moja ikigonjwa, miye nang'oa mustari yote!"

Adelaïde alitazama chini. Mwili ni wake, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Moyo ulimuuma.

Myriam akacheka. "Papa Valens, bibi yako haiko shamba. Musikie. Njia ya kwanza, munganga anatoa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni. Titi inabaki. Kiisha, lazima mionzi, ile miali ya mashine yenye kuua mabaki ya kansa. Mashine iko mbali, na utaenda kukaa mbele yake karibu kila siku, majuma mingi. Njia ya pili, anatoa titi yote. Hapo, bamoja banahitaji mionzi, bengine hapana."

"Na njia gani njo inaponesha zaidi?" Adelaïde akauliza.

"Kama uvimbe iko kidogo na mionzi inafanyika, njia ya kwanza haishindwe na ya pili. Hata kama kansa iko kali. Ule ukali tunapigana nao na dawa."

"Na titi ya kuume?"

"Iko muzima. Na mu jamaa yenu hakuna mwengine mwenye aligonjwa. Kuikata haitakuongezea siku."

Valens akajikuna kichwa. "Kumbe miye niko munganga wa mihogo tu!"

Wote wakacheka. Kisha Myriam akamgeukia Adelaïde.

"Mama Brigitte wa Kalembe, mwenye aligonjwa kansa kama yako, alichagua batoe titi yote, sababu hakuweza kwenda mbali. Naye iko muzuri. Sasa weye mwenyewe, unataka nini?"

Adelaïde akainua uso. "Nataka ibaki. Nitaenda ku mionzi, hata iko mbali."

"Na fromaji?" Valens akashtuka.

"Utatengeneza weye."

Adelaïde alipasuliwa, akapona kidonda, akasafiri kwa mionzi. Hakukosa hata siku moja. Mwishoni daktari alimpima na kumwambia, "Hatuone kansa tena. Lakini ukuje kila miezi tatu tukuangalie."

Pikipiki ilipomfikisha Kingi, majirani walikuwa barabarani wakiimba. Adelaïde akaruka chini, akacheza nao. Nywele mpya zilikuwa zimeota, laini na nyeusi. Valens akaja mbio na sahani, kifua mbele.

"Mama, onja! Miye mwenyewe njo niliitengeneza!"

Adelaïde akauma jibini. Akatafuna, akatafuna, akatema.

"Papa Valens," akasema huku machozi ya kicheko yakimtoka, "kansa ilishindwa kuniua, na weye unataka kuniua na fromaji?"