Mtabiri wa Mbio za Kigali

Mabasi mawili kutoka Mombasa yaliingia Mokowe kwa pamoja, na gati likachafuka. Makuli walivamia mizigo kabla wenyewe hawajashuka, na manahodha wa boti za kwenda Lamu wakashindana kupaza sauti: "Amu! Amu! Wawili tu tuondoke!" Katikati ya vurumai hiyo Fanuel alijitosa, begi mgongoni, akirudi kazini kutoka kwao Voi. Alichotaka ni kiti kisicholowa tu.

Mguu wake ulipotua ndani ya boti ikayumba, na mkono ukatafuta kitu cha kushika. Ukashika gurudumu.

"Kaka, hapo usishike!"

Fanuel akageuka. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, jasho limemkauka usoni na kuacha chumvi kwenye nyusi. Alivaa fulana ya rangi ya machungwa iliyomkaa sawasawa, na kiunoni amejifunga leso nyekundu juu ya kaptura ya baiskeli. Kofia ngumu ilining'inia kiwikoni. Alikuwa ameikumbatia baiskeli nyembamba, nyepesi, isiyo na kibebeo wala kengele.

"Nishike wapi sasa, dada, nisiingie baharini?"

"Shika mbao. Boti nzima ni mbao. Hizo spoku za gurudumu utazipinda."

"Kwa hiyo spoku ni bora kuliko mimi?"

"Spoku nazijua. Wewe ndiyo kwanza nakuona."

Abiria wakaangua kicheko. Hamdun, nahodha, akaongeza huku akiwasha injini: "Huyo ni Gakii wa maabara ya hospitali, Bwana Fanuel. Kila siku yake ya mapumziko namvusha yeye na chuma chake. Amu hakuna ndia ya kukipanda, ni vichochoro vitupu."

Mwanamke akamkazia macho Fanuel. "Fanuel? Yule wa michezo, Redio Mkondo?"

"Ndiye mimi."

"Wacha! Sauti ile yote inatoka kwa mtu mwembamba hivi? Mimi nilidhani wewe ni mzee mwenye kitambi."

"Kitambi nitakitafuta ukitaka."

"Nataka kitu kingine. Mwezi ujao mashindano ya dunia ya baiskeli yanakuja Kigali. Hayajawahi kuja Afrika hata siku moja. Na wewe kila jioni unatusomea habari za makocha waliofukuzwa Uingereza. Huoni aibu?"

Fanuel akasogeza begi ampe nafasi ya kukaa. Boti ilipofika Amu alimbebea baiskeli mpaka juu ya ngazi za gati, akiishika pale alipoelekezwa tu, na akaondoka na namba yake ya simu.

Bi Shifaa, mkuu wa redio, alimsikiliza akiwa anarekebisha ushungi wake.

"Baiskeli, mwanangu? Kwenye kisiwa cha punda?"

"Bi Shifaa, huyu dada anajua. Akieleza utadhani umo barabarani."

"Mbona mato yamekung'aa hivyo?" Akamwinamia kumtazama machoni. "Haya, mlete. Lakini akiwachosha wasikilizaji wangu, wewe utasoma matangazo ya vifo hadi Ramadhani."

Gakii hakumchosha mtu. Jioni ya kwanza aliingia studio na gauni la kitenge cha buluu, akavaa vipokea sauti kama aliyezaliwa navyo, akaanza kueleza Kigali. Akaeleza vilima vinavyofuatana bila kukupa nafasi ya kumeza mate. Akaeleza mlima wa mawe, ambako barabara imetandikwa mawe na tairi hurukaruka na mikono hufa ganzi, na jinsi hewa ya juu inavyomnyima mtu pumzi. Fanuel, aliyezoea kujaza kila kimya kwa maneno, alisahau hata kutaja jina la kipindi.

Kisha simu zikafunguliwa, watu watoe utabiri wao.

"Mimi ni Rumaisa wa Matondoni. Mbio za wanawake nampa Mholanzi. Jina siliwezi, lakini picha yake nimeiona. Mwanamke ana mapaja!"

"Jaafar hapa, Ndau. Mimi nampa Mfaransa tu. Mwandikeni."

Ikawa kila jioni hivyo. Vijana wa barazani wakaanza kubishana juu ya Waholanzi na Waslovenia kama wanavyobishana juu ya mpira. Wote walitaka kusikia Gakii mwenyewe anampa nani. Yeye akakataa kutaja jina.

"Mbio za wanaume sina ubishi, mwenye nguvu atashinda, barabara ile haina pa kujificha. Lakini wanawake? Wakubwa hawatashinda. Watatazamana. Huyu atangoja yule aanze, yule atangoja huyu, na mtu ambaye hamkumtaja hata mmoja wenu ataondoka zake."

Wasikilizaji walimcheka kwa wiki nzima. Yeye alicheka pamoja nao, na hakubadilisha neno.

Kufikia hapo Fanuel alikuwa amekwisha kwa mapenzi. Asubuhi simu yake ya kwanza ilikuwa kwa Gakii.

"Mtabiri wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka. Leo umetabiriwa kununua viazi karai."

"Na juisi?"

"Ya ukwaju. Ukija na ya chupa urudi nayo."

Baada ya kipindi walikuwa wakikaa ukingoni mwa bahari, mbele ya maduka, miguu ikining'inia, wakila viazi kwenye karatasi. Hapo ndipo jioni moja Fanuel alipomuuliza kwa nini mtu anayejua hivi yuko maabara Lamu, na si kwenye timu.

Gakii alikunja karatasi yake mara nyingi kabla ya kujibu.

"Niliitwa kwenye mchujo wa timu ya taifa. Nikaanguka kwenye mteremko, nikavunjika bega. Likapona. Wakaniita tena."

"Na?"

"Sikwenda. Nilipanda juu ya kilima kwetu Meru kufanya mazoezi, nikatazama chini, mikono ikakataa. Nikashuka nikiikokota baiskeli kama mbuzi, watoto wa shule wananipita." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Nafasi ya kazi ilipotokea Lamu niliikimbilia. Unajua kwa nini? Lamu haina mlima. Huo ndio ukweli wangu, Fanuel. Hakuna mwingine hapa anayeujua."

Fanuel aliushika mkono wake akaubana. Hakuwahi kumwona mtu mwenye ujasiri wa kusema jambo kama hilo waziwazi, na upendo wake ukaongezeka palepale.

Upendo huohuo ndio uliomponza. Siku mbili tatu kabla ya mbio, Gakii akiwa zamu hospitalini, msikilizaji mmoja alipiga simu kipindini na kusema huyo mama wa maabara hajui kitu, arudi kwenye darubini yake. Fanuel akapandwa na hasira. "Msimdharau," akasema, na maikrofoni iko wazi. "Huyu aliitwa timu ya taifa mara mbili! Alianguka akavunjika, akaogopa mteremko, ndiyo, lakini ninyi nani kati yenu…" Akaendelea, akamwaga yote, akidhani anampamba.

Simu ya Gakii iliingia kipindi hakijaisha vizuri.

"Umemaliza?"

"Mpenzi, nilikuwa nakutetea. Yule mtu…"

"Nilikuomba unitetee?"

"Hapana, lakini…"

"Wodi nzima ilikuwa inasikiliza, Fanuel. Muuguzi amenishika bega akaniambia pole. Mgonjwa ameniuliza kama naogopa ngazi pia. Kitu nilichokupa wewe, wewe peke yako, umekigawa kama peremende."

"Gakii, nisikilize…"

"Nimekusikiliza. Lamu yote imekusikiliza."

Akakata. Fanuel akapiga, akapiga tena. Akaenda hospitalini, akaambiwa yuko kazini. Akatuma ujumbe usiojibiwa. Bi Shifaa alimtazama anavyozunguka studio bila kula, akasema tu, "Ulimi wako ndio unaokulisha, mwanangu. Sasa umekuuma."

Jumamosi ya mbio za wanawake ikafika, na kiti cha mgeni kikawa kitupu. Fanuel aliketi mbele ya kompyuta iliyoonyesha picha kutoka Kigali, akatangaza peke yake. Mwanzoni alijikongoja. Alisoma rangi za fulana, akataja idadi ya mizunguko, akasifu umati uliojaa kando ya barabara. Kisha ukaingia wakati wa Alasiri na redio ikapisha adhana, kama kawaida yake. Picha nayo ikaganda wakati huohuo. Iliporudi, kila kitu kilikuwa kimebadilika. Kundi dogo liko mbele, kundi kubwa liko nyuma, na wale mabingwa waliotajwa kila jioni wako humo nyuma, wamekaa tu.

"Ndugu wasikilizaji," Fanuel alisema. "Sitawadanganya. Sielewi ninachokiona. Mtu ambaye angetueleza hayupo, na kosa ni langu."

Taa ya simu ikawaka. Akabonyeza. "Redio Mkondo, nani mwenzetu?"

"Gakii. Nipo nyumbani, natazama kwa simu ndogo na bando linakwisha. Ndugu zangu, msimwangalie Mholanzi. Mwangalieni anavyogeuza shingo! Anamtazama Mfaransa. Mfaransa anamtazama yeye. Wanangojana!"

"Kama ulivyosema," Fanuel alinong'ona.

"Nyamaza nifanye kazi."

Bi Shifaa, aliyekuwa mlangoni, akajifunika mdomo kwa ushungi asicheke hewani.

Kuanzia hapo Gakii aliwabeba. Alieleza nani anahema kwa mdomo, nani amekaa kwenye tandiko kwa sababu miguu imekwisha, nani anajifanya amechoka. Walipogeuka kuingia mlima wa mawe kwa mara ya mwisho, sauti yake ikapanda. "Yule! Yule Mkanada! Amesimama kwenye pedali! Amewaacha! Hakuna hata mmoja wetu aliyemtaja, jamani, hata mmoja! Panda, mama, panda!" Nje ya dirisha la studio, barabara nyembamba ilikuwa imejaa watu waliosimama kwenye milango ya maduka, wakipiga kelele. Mkanada alipovuka mstari mikono ikiwa kichwani, kana kwamba haamini, kelele za barabarani zikazidi. Kwenye simu ikasikika kwikwi moja ya kilio, halafu ikakatika.

Asubuhi yake Fanuel aliwahi gatini. "Ashavuka," Hamdun alimwambia kabla hajauliza. "Panda upesi."

Huko Mokowe alikodi bodaboda na kumwambia dereva afuate barabara ya kwenda kijiji cha Hindi. Hawakwenda mbali. Mbele yao, kwenye lami iliyonyooka, ile fulana ya machungwa ilikuwa imelala juu ya usukani, miguu ikizunguka bila haraka na bila kupungua. Fanuel akamwashiria dereva asimpite upesi. Alivyokuwa mzuri mtu huyu akiwa kwenye kazi yake!

Bodaboda ikamfikia ubavuni.

"Gakii! Simama kidogo!"

"Niko mazoezini."

"Nataka kuomba msamaha!"

"Omba. Masikio hayaendeshi baiskeli."

Dereva wa bodaboda akapunguza mwendo ili asikie vizuri. "Dada, msikilize, kaka wa watu hata nywele hajachana."

Fanuel akaona jinsi dereva alivyotega sikio. Akamgonga dereva bega. "Nishushe hapa. Wewe rudi Mokowe."

"Hapa? Porini?"

"Hapahapa. Maneno haya ni ya kwake peke yake."

Akabaki amesimama kwenye lami, pikipiki inaishia upande mmoja, baiskeli inaishia upande mwingine. Baiskeli ikaenda, ikaenda, ikawa ndogo. Halafu ikageuka.

Gakii alisimamisha mguu mmoja chini mbele yake, akavua kofia. "Sema."

"Nilichukua kitu chako nikakitumia kujionyesha kwamba nimepata mtu wa ajabu. Nilidhani nakusifu. Hukunipa ruhusa. Nisamehe."

Gakii akafuta jasho kwa mgongo wa glavu. "Nilikasirika kwa sababu uliwaambia," alisema mwishowe. "Lakini jana, yule Mkanada alipokuwa anateremka, nilijikuta nayumba kwenye kiti pamoja naye. Kulia, kushoto. Mikono yangu haikukataa." Akavuta pumzi. "Nimeomba likizo. Naenda Meru. Nataka kupanda kile kilima nikishuke."

"Twende wote."

"Ukafanye nini? Baiskeli hujui."

"Nitakusubiri chini. Na ukishafika, nitakwenda kwenu kukaa na baba yako nimweleze nia yangu." Sauti yake ile ya redio ilikuwa imemwishia, imebaki kama ya mtoto. "Nataka kukuoa, Gakii. Hata usiposhuka kile kilima. Hata ukiikokota baiskeli mpaka chini, mimi nitaona umeshuka."

Gari la mizigo likapita, likawafunika kwa vumbi la pembeni. Lilipotulia, Gakii alikuwa anamtazama, na safari hii macho yake yalicheka.

"Mchana kuna mbio za wanaume," alisema.

"Najua. Bi Shifaa anakusubiri. Lakini kama hutaki kurudi hewani sitakulazimisha. Niambie tu, wakiniuliza habari zako niwajibu nini. Neno utakalonipa, hilohilo nitasema, silizidishi."

Gakii akavaa kofia yake, akafunga mkanda chini ya kidevu, akaanza kuisukuma baiskeli kwa miguu kuelekea Mokowe, ili waende sawa.

"Waambie nimekubali. Kipindi, na wewe."